Shokapu za Mama Mkwe

Taratibu hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na pikapu. Aliyeimiliki kabla yake alikuwa ameandika neno hilo nyuma kwa rangi nyekundu, na watu wa mtaani, ambao hawana muda wa kukariri majina mengi, wakaona linatosha gari na dereva wake. Mwenyewe alilipenda. Kazi yake ilikuwa kubeba matofali ya saruji kutoka kiwandani kuyapeleka kwa wajenzi, na mteja akisikia Taratibu ndiye anayeleta, anajua tofali zitafika na pembe zake zote.

Mtu mmoja tu alilikataa jina hilo waziwazi, naye ni mama mkwe wake.

"Taratibu gani?" alimfokea binti yake kwenye simu. "Mwite Matuta. Mwite Tetemeko la Ardhi. Mimi kwenye gari lile sipandi tena, hata mnifuate na tarumbeta."

Alikuwa na haki yake. Siku aliyoteleza uani akavunjika nyonga, gari la karibu lilikuwa hilo hilo, na njia ilikuwa ile ile moja iliyopo: mawe, makorongo na mashimo kutoka mlangoni kwao mpaka lami inapoanzia, barabara ambayo magari madogo huiangalia kwa mbali yakageuza. Shokapu za pikapu zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa zimevuja mafuta hata zikabaki mabomba matupu ya kuning'inia chini ya gari. Kwa tofali haikuwa shida kubwa, maana tofali halina mishipa. Kwa mama wa watu mwenye nyonga iliyovunjika ilikuwa adhabu. Kila shimo alipiga kelele, na walipofika katikati ya njia akaacha, akauma ncha ya mtandio wake, asitoe sauti tena mpaka hospitali. Kelele Taratibu aliziweza. Kile kimya ndicho kilichomtoa machozi huku anaendesha, akawa haoni vizuri, akaingia hata mashimo ambayo angeweza kuyakwepa.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama akapelekwa mjini kwa mdogo wake, kwenye nyumba iliyo pembeni mwa lami, apate kuwa karibu na daktari. Sasa alikuwa anatembea kwa kushikilia fremu ya chuma, na daktari alisema anaweza kurudi nyumbani ilimradi asirushwerushwe. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Mama alianza kusema amepazoea kwa mdogo wake. Alisema kuna upepo mzuri. Alisema hata maji ya mjini yanamkubali. Waliomjua walijua anatia chumvi, kwa sababu huyu mama hakuwahi kulala vizuri mbali na cherehani yake na wajukuu wake mapacha. Alikuwa anaogopa, basi, na uoga ni kitu ambacho hakuwahi kujifunza kukitaja.

Taratibu alimwelewa, na ndiyo maana hakupata raha. Mapacha wake walizaliwa kabla ya siku zao, wadogo hata mtu anaogopa kuwashika. Madaktari walifanya yao, lakini watoto waliporudi nyumbani, aliyewapigania alikuwa huyu mama. Alikuja na mfuko mdogo wa nguo, eti kuwaona tu, akakaa. Aliwanywesha maziwa kwa kijiko, tone kwa tone, huku akiwagombeza kama watu wazima wanaochelewa kazini. Leo watoto wale wanavunja madirisha ya majirani kwa mpira, na wazazi wao wanaomba radhi kwa majirani hao huku wanachekelea moyoni. Taratibu hakuwahi kupata maneno ya kumshukuru. Mkwe na mama mkwe wana heshima zao, huwezi kumwendea tu ukamkumbatia. Kwa hiyo alimshukuru kwa mambo madogo madogo: kumletea nyuzi kutoka mjini, kuitia mafuta cherehani yake, kukubali kugombezwa.

Mkewe ndiye aliyefanya mazungumzo ya amani. Alibembeleza kwenye simu mpaka sikio likapata joto, na mwishowe mama yake akatoa masharti. Atapanda Jumamosi. Watakwenda mpaka lami inapoishia, waingie kwenye mawe.

"Nikisema geuza, anageuza," alisema, "na asinibembeleze. Akishageuza, mtaniletea cherehani yangu huku huku, maneno yamekwisha."

Mkewe alikata simu, akageuka. "Umesikia, Baba Pacha? Mama akisema geuza, ndiyo harudi tena. Namjua mimi."

Taratibu naye alimjua.

Ijumaa asubuhi alikwenda dukani kwa Mama Spea akiwa na Fundi. Hakuwa amemwalika Fundi. Fundi alijialika, kwa sababu aliamini dereva akiachwa peke yake dukani hununua rangi inayong'aa. Mama Spea naye aliamini mafundi wote ni waongo, na alipomwona huyu mlangoni akafunga droo yake kwa kishindo. Walikuwa wakichukiana hivyo kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kununua au kuuza kwingine.

Duka lilikuwa jembamba, limejaa mpaka darini. Mikanda ya injini imetundikwa kama nguo za kuanika, taa za magari zinakukodolea macho kutoka kila rafu, na harufu ya raba mpya inakusalimia kabla ya mwenye duka.

"Shokapu za pikapu," Taratibu alisema. "Mbele na nyuma. Nataka nzuri."

"Kila anayeingia hapa anataka nzuri. Nzuri kwa kazi gani? Gari linabeba nini?"

"Linabeba tofali. Lakini kesho linabeba mama mkwe."

Mteja mmoja aliyekuwa anachagua plagi aliinua kichwa. Mama Spea alivua miwani.

"Ana uzito gani?"

"Nani?"

"Mzigo."

"Mama Spea, huyo ni mkwe wangu!"

"Nimesikia ni mkwe wako. Sijauliza ukoo, nimeuliza kilo."

Taratibu alihisi masikio yanawaka moto. Hata jina la mama mkwe mtu hulitamka kwa adabu, sembuse kilo zake, tena mbele ya watu wanaonunua plagi! Fundi, ambaye kwa mambo haya hakuwa msaada kwa mtu, alishauri apige simu nyumbani. Akapiga.

"Mama ana kilo ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Unataka kumpima mama yangu kama gunia la mkaa?"

"Si mimi, mke wangu. Ni huku dukani."

"Basi mwambie huyo wa dukani," mkewe alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye kaunta, "kwamba mama yangu ni mzito wa heshima tu. Kwingine kote amekonda, na mkiendelea hivyo atazidi kukonda kwa mawazo." Akakata simu.

"Mwepesi," Mama Spea alihitimisha, akavaa miwani yake.

Alishusha shokapu za aina mbili akazisimamisha kwenye kaunta. "Hizi ni za gesi. Ngumu. Wabeba mizigo wanazipenda. Hizi ni za mafuta. Laini kidogo. Wanaopenda viuno vyao wanazipenda. Usiangalie rangi. Sukuma."

Taratibu aliisukuma ile ya gesi kwa kiganja mpaka chini. Alipoilegezea ikapanda yenyewe, inamsukuma mkono, kama mtu ambaye lazima neno la mwisho liwe lake. Akaisukuma ya mafuta. Ilishuka polepole, ikabaki pale pale alipoiachia, ikisubiri kuvutwa. Haikuwa na jeuri. Alisukuma na kuvuta, akasukuma na kuvuta, hata Mama Spea akamwuliza kama anachota maji ya kisima.

"Hii," alisema.

"Ya gesi ingedumu zaidi kwenye tofali," Fundi alisema.

"Nimesema hii. Tofali halijanilelea watoto."

Mama Spea hakucheka. Alimtazama kidogo, kisha akaingia nyuma ya rafu akatoka na maboksi mengine ya aina ile ile. Akafungua kila boksi mwenyewe, akasukuma, akavuta, akategea sikio. Moja akairudisha ndani. "Hii ina kikohozi," alisema. Alipomaliza alikuwa amemchagulia zilizo bora kuliko zote dukani, akaongeza na bushi zake za raba bila kuombwa, akazipanga kwenye mfuko kwa mkono wa mtu anayepanga nguo za mtoto.

"Lakini nisikilize," alisema. "Shokapu haibebi gari. Inayobeba ni springi. Shokapu inaituliza springi isiendelee kuruka. Usije kesho ukanilaumu mimi."

"Ndiyo. Asante. Ndiyo," Taratibu aliitikia, mawazo yake yako barabarani. Hakuna neno alilolishika.

Gereji ya Fundi ilikuwa uwanja wenye paa la bati na udongo mweusi kwa mafuta yaliyomwagika. Pikapu ikainuliwa kwa jeki, ikakalishwa juu ya magogo. Shokapu za zamani zilitoka kwa shida, Fundi akizitukana nati zenye kutu kwa majina yasiyoandikika. Alipoisukuma moja, ikazama yote mara moja na kutoa mlio wa mtu anayemalizia chai iliyobaki chini ya kikombe.

"Na hizi ndizo ulizombebea mama wa watu," alisema.

Taratibu aliishika ile shokapu kuukuu akaiweka mbali, asiione.

Mpya zikafungwa na bushi zake, kila nati ikakazwa. Fundi aliikandamiza pembe ya gari kwa mikono miwili. Ikashuka, ikapanda, ikatulia papo hapo. Taratibu alicheka kwa furaha. Lakini Fundi alikuwa na utaratibu wake kwa gari linalokwenda kubeba mgonjwa, utaratibu ambao hakuufundishwa na mtu yeyote. Alijaza maji kwenye beseni la plastiki, akaliweka kwenye kiti cha mbele, akakaa pembeni yake kama bwana harusi.

"Endesha," alisema. "Maji yakibaki, mgonjwa amefika salama. Yakimwagika, tumemtesa."

Walizunguka nyuma ya gereji palipo na mawe. Shimo la kwanza maji yakamlowanisha Fundi kuanzia kiunoni kushuka. Shimo la pili yakamlowanisha Taratibu. Waliporudi, beseni lilikuwa limebaki na maji ya kunawa uso tu.

Fundi aliteremka akijikamua suruali, akalala chini ya gari, akatoka na sura ya msiba. "Shokapu hazina kosa. Zamani gari lilikuwa likiruka linaendelea kuruka. Sasa linaruka mara moja, linatulia. Tatizo ni huo mruko wa kwanza. Huko nyuma limeongezewa vyuma vya springi kwa ajili ya tofali. Gari likiwa tupu, mtu aliye ndani ni kama amekalia reli."

"Vitoe."

"Boliti zimegandana na kutu. Nikianza leo nitamaliza wiki ijayo, tena kwa kudra za Mungu."

Taratibu alikaa kwenye tairi bovu, akashika tama. Maneno ya Mama Spea ndiyo kwanza yanamfikia sasa. Kumwambia mama aahirishe safari haikuwezekana, angeona ndiyo ishara aliyokuwa anaisubiri, na cherehani ingedaiwa kabla ya jua kuzama. Alikuwa amechagua vizuri kadiri ya uwezo wake, na bado haikutosha. Alijisikia vibaya, si kwa ajili ya gari, bali kwa ajili ya mama yule aliyekuwa anajiandaa kumwamini mara nyingine.

Jioni alielekea nyumbani, beseni amelijaza tena pembeni yake. Alitaka kujua mwendo ambao maji hayatamwagika, hata kama ni wa konokono. Pale lami inapoishia aliwakuta wapakiaji wa kiwandani wanatoka kazini, wale wale wanaompakilia tofali kila siku, wameenea vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Mrefu, kiongozi wao, alipunga mkono, na wote wakarukia nyuma kama ilivyo kawaida yao. Taratibu akaendelea, macho barabarani, roho kwenye beseni. Wakapita mawe. Wakapita korongo. Hakuna tone lililomgusa. Akaanza kudhani labda baada ya miaka yote hii amejua kuendesha. Kwenye njia panda ya sokoni wakagonga paa, wakashuka, wakasema asante. Mbele kidogo, kwenye kishimo kisichostahili hata kuitwa shimo, maji yakamrukia mapajani.

Alisimama. Akalitazama beseni. Akatazama kwenye kioo, akawaona wapakiaji wanaishia. Kisha akarudi kinyumenyume kwa kasi isiyolingana kabisa na jina lake.

"Pandeni!" aliita kupitia dirishani.

"Tumesahau nini?" Mrefu aliuliza.

"Pandeni kwanza, nitawaeleza!"

Wakapanda huku wakitazamana. Mtu aliyelowa mapajani akikupigia kelele upande gari, huwezi kujua limemkuta lipi. Akajaza beseni kwenye bomba la sokoni, akawazungusha kwenye mawe yote ya jirani, kwenda na kurudi. Kisha akashuka, akawaita waje kuchungulia. Maji yalikuwa yamejaa vile vile, yametulia.

"Mkiwa nyuma, springi zinalala," alisema akihema. "Mkishuka, zinakasirika. Kesho namleta Bibi yenu. Nitapakia mifuko ya mchanga yenye uzito kama wenu, na atafika salama, mtaona!"

Mrefu alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mchanga wa nini, na sisi tupo?"

"Kesho ni siku yenu ya kupumzika."

"Kwani kukaa si kupumzika?" Akainua viganja vyake. Zamani viganja vya wapakiaji wote vilikuwa vidonda vitupu, tofali za saruji zinakula ngozi kutwa, mpaka mama mkwe wa Taratibu, bila kuombwa na mtu, alipoanza kukusanya suruali za jinzi zilizochakaa na kuwashonea glavu, kila mmoja kwa kipimo cha mkono wake. Zikichanika, huwashonea nyingine huku akiwasema kwa uchafu. "Mikono hii kaivisha yeye," Mrefu alisema. "Huo mchanga wako, yeye aliushonea nini?"

Wenzake waliitikia kwa pamoja. Aliyebaki na wasiwasi ni mmoja tu, waliyemwita Wembe kwa wembamba wake, aliyeuliza kwa unyonge kama na yeye atahesabika kuwa uzito. Akaambiwa aje, ila apakate mfuko mmoja wa mchanga.

Jumamosi walifika wameoga na mashati yao yamepigwa pasi. Wakaketi chini nyuma ya gari, wamejigawa kushoto na kulia ili lisiinamie upande, Wembe amepakata mfuko wake kama mtoto anayepelekwa kliniki. Wakaenda hivyo hadi mjini.

Mama mkwe alitoka kwa mdogo wake akishikilia fremu, hatua moja moja. Alipoliona gari akasimama ghafla.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama," Taratibu alisema.

"Sasa hawa waombolezaji wa nini? Au mnakwenda kunizika moja kwa moja, mpunguze safari?"

"Shikamoo, Bibi," wakasema wote kutoka nyuma.

"Marahaba. Na mbona mmeoga?"

Taratibu hakuweza kumweleza. Aliona haya kuzungumza habari za uzito na mama mkwe wake, hata uzito wa watu wengine. "Wamekuja kukusindikiza," alisema, na haukuwa uongo.

Wakampandisha polepole, mto mgongoni, fremu ikapokewa nyuma na Mrefu kwa mikono miwili. Lami ilipoishia Taratibu alisimamisha gari.

"Tumefika kwenye mawe, Mama."

"Naona. Niliumia nyonga, si macho." Mkono wake mmoja ulikuwa umeng'ang'ania mlango, mwingine umekunja ncha ya mtandio. "Unakumbuka nilichosema?"

"Ukisema geuza, nageuza. Sitakubembeleza."

"Haya. Twende."

Akatia gia. Korongo la kwanza lilikuwa lile lile lililomtoa mama ukelele wa kwanza siku ile, na Taratibu aliliingia roho iko mkononi. Magurudumu ya mbele yakashuka, yakapanda, na ya nyuma yakafuata kwa uzito wote wa watu wale, pole pole, kama mtu mnene anavyojikalisha kwenye sofa. Huko nyuma hakuna aliyekohoa. Taratibu akasubiri neno. Halikuja. Akapita la pili, akasubiri. Palikuwa kimya, na kimya cha mama huyu kwenye barabara hii alikuwa akikifahamu, na kilimwogopesha kuliko makelele. Hakuthubutu kumtazama. Akapita shimo jingine, na jingine, jasho linamtiririka, mpaka uvumilivu ukamwishia akageuza shingo.

Mtandio haukuwa mdomoni. Mama alikuwa anaangalia nje.

"Huyu jirani," alisema, "mpaka leo hajamaliza kuezeka kibanda chake?"

"Bado, Mama."

"Mvivu wa kutupwa. Na yule mbuzi aliyekonda vile ni wa nani? Watu hawaoni haya."

Basi akaanza hapo. Akamsema mwenye mbuzi, akalisema ua la fulani lililoanguka, akauliza kwa nini mahindi ya mwalimu yameota kwa kupinda, akataka kujua mapacha wanaoga kila siku au wanadanganya. Taratibu aliitikia yote. Hakuwahi kusikia umbea mtamu namna ile. Macho yalimlengalenga, akayapangusa haraka kwa mkono wa shati, maana leo aliyahitaji yote mawili. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Mama Spea na sikio lake, akamshukuru Fundi na beseni lake, na zaidi ya wote aliwashukuru wale waliokaa nyuma, jua la utosi linawachoma, vumbi linaharibu mashati waliyoyapiga pasi, na hakuna hata mmoja aliyebadilisha mkao.

Nyumbani mkewe na mapacha walikuwa wamesimama mlangoni. Watoto walitaka kurukia gari, Mrefu akawanyooshea kidole kutoka juu, wakakoma. "Hakuna kushuka," aliwanong'oneza wenzake. "Mpaka akanyage chini." Gari lilikuwa limetulia, limekaa chini kwa mzigo wake. Taratibu alifungua mlango, akashika mkono mmoja, mkewe akashika mwingine, na mama akateremsha mguu, kisha mguu wa pili, akasimama kwenye uwanja wa nyumba yake.

"Ulisema geuza, Mama?" binti yake alimwuliza, machozi yanamtoka.

"Nani aseme geuza? Ninyi mmezidi kunisingizia."

Fremu ikateremshwa. Akatembea hadi barazani, mjukuu huku, mjukuu huku, kila mmoja akidai kwamba ndiye anayemshikilia. Akaketi kwenye kiti. Ndipo alipogeuka akawaona watu wazima wale bado wamekaa nyuma ya gari lililozimwa, wametulia kama watoto waliokatazwa kucheza.

"Na hawa wamegandishwa? Mbona hawashuki?"

"Haya, shukeni," Taratibu aliwaambia.

Wakaruka wote kwa mpigo, kama wanavyoruka kila siku kazini. Pikapu ilipoachiwa hivyo ghafla ikainuka nyuma kwa nguvu, minyororo ya mlango wa nyuma ikagonga, bati likalia, na gari zima likatikisika hadi mlango wa abiria, pale alipokuwa amekaa mama, ukajipiga kwa kishindo. Kisha shokapu mpya zikalishika, likatulia.

Mama mkwe alilitazama gari. Akawatazama wanaume wale wanaojikung'uta vumbi, akamtazama Wembe anayehangaika kuushusha mfuko wake wa mchanga. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili, na safari hii hakuelezwa hata mara moja.

"Huo mruko," aliuliza polepole, "ulikuwa wa nani?"

Wapakiaji waliangalia chini.

"Ulikuwa wako, Mama," Taratibu alisema. "Wameukalia njia nzima."

Basi mama yule, ambaye barabara nzima hakutoa hata chozi moja, aliinamisha uso kwenye viganja vyake akalia kwa sauti mbele ya watu wote, mapacha wamemshika mabega, na hakuna aliyemwambia anyamaze.